Boneti ya Chuma au ya Faiba: Ipi Inalifaa Lori Lako la Pua?

Boneti mbili zilikuwa zimelazwa juu ya kokoto nje ya gereji moja katika eneo la viwanda hapa Nakuru, moja ya chuma, nyingine ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Zote za Scania ya pua, yaani yenye injini mbele ya kabini, zote zimepigwa praima ya kijivu, na ukiwa mbali usingeweza kuzitofautisha. Fundi alishika ile ya faiba upande mmoja, mimi nikashika wa pili, tukaiinua hadi kiunoni bila kuhema. Tulipofika kwa ile ya chuma ilibidi tuwaite vijana wawili waliokuwa wakifungua gurudumu pale kando.

Mimi nililipia ya faiba. Mzee mmoja wa Njoro anayebeba mbao, ambaye siku hiyo hiyo alikuja kutafuta boneti ya Mercedes yake ya zamani, aliagiza ya chuma. Sote wawili hatukukosea, na ndiyo sababu naandika haya, kwa kuwa kila mara napigiwa simu na wenye malori wanaouliza "ipi ni nzuri?" kabla hata hawajaniambia lori lao linafunguka vipi.

Wenye malori ya uso bapa, kama Actros ya Mercedes, FVZ ya Isuzu na ndugu zao, hawana boneti ya kuhangaikia. Wana sho ya mbele tu, yaani ule wavu wa usoni, na hiyo ina mambo yake. Haya ni ya wenye Scania za T, Mercedes na Bedford za zamani zinazobeba mbao na mawe, na wale wachache wenye malori ya Kimarekani kama Freightliner, Kenworth na International.

Jinsi nilivyolipia uzito

Miaka kadhaa iliyopita Scania yangu ilikuwa ikibeba miwa maeneo ya Chemelil na Muhoroni. Siku moja ya mvua trela la trekta lilirudi nyuma kwenye tope likaigonga pua upande wa kushoto: taa, madigadi na boneti vyote vikaenda. Boneti niliyonunua nayo lori hilo ilikuwa ya faiba, nikaamini kosa lilikuwa la faiba. Fundi mmoja akaniahidi ya chuma ambayo "hata ikigongwa na treni haitavunjika". Akakunja shiti ya milimita 2, akaitia fremu ya chuma cha pembe ndani, akaing'arisha ikapendeza. Bawaba akaziacha zile zile za zamani.

Baada ya miezi mitatu tulikuwa tumepakia mbolea ya kwenda Eldoret. Tukiwa tunapanda kutoka Mau Summit, mshale wa joto ukaanza kusogea, na tulipokaribia Timboroa ukagusa nyekundu. Nikasimamisha, nikafungua boneti, nikamulika kwa tochi. Kipande kinachoshika bawaba ya kushoto kilikuwa kimepasuka katikati. Boneti nzima ilikuwa imeketi juu ya rejeta, na ukingo wa kile chuma cha pembe ulikuwa umekwaruza tangi la juu kila lori lilipotikisika, mpaka likabaki na mstari mwembamba kama wa wembe. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, yakikauka kabla ya kufika chini.

Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kule maji yasiyobanwa huchemka yakifika nyuzi 91 hivi, si 100 kama Mombasa. Rejeta ikiwa nzima, mfuniko wake hubana presha na maji hustahimili joto zaidi ya hapo. Ikitoboka, presha huondoka, na pale mlimani injini ikiwa imebeba mzigo huna nafasi. Tulilala kwenye baridi ile hadi asubuhi. Rejeta, bawaba, mafuta ya lori lililotuvuta: vyote pamoja vilizidi bei ya boneti yenyewe.

Tangu siku hiyo naitazama boneti kuanzia inaposhikwa, kisha ndipo naangalia uso wake.

Hesabu ambayo fundi hakunifanyia

Chuma cha geji 18, unene wa milimita 1.2 hivi, kina uzito wa karibu kilo 9.4 kwa mita moja ya mraba. Geji 16 ni karibu kilo 12. Shiti ya milimita 2 aliyonitengenezea yule fundi ni karibu kilo 16. Faiba iliyotandikwa vizuri kwa unene wa milimita 4 ni kama kilo 6.

Sasa chukua boneti ya Scania yangu, ambayo huinuka pamoja na madigadi yake yote mawili. Tuseme ina mita tano za mraba. Kwa faiba ni kilo 30, kwa geji 18 ni kilo 47, kwa milimita 2 ni karibu kilo 80, na bado hujaweka fremu, taa, sho na vioo vya pembeni kama viko juu yake. Uzito wote huo unaning'inia kwenye bawaba mbili za mbele na kuruka nazo katika kila shimo kati ya Awasi na Muhoroni. Bawaba hazivunjwi na uzito uliotulia. Huvunjwa na kuruka.

Mercedes ya yule mzee ni kitu kingine kabisa. Madigadi yake yamefungwa kwa boliti peke yake. Kinachofunguka ni mfuniko wa juu tu, pengine mita moja na nusu ya mraba. Kwa geji 18 hiyo ni kilo 14 hivi. Bawaba zake hata hazishtuki. Nilipomuuliza kwa nini hataki faiba alinijibu, "Kijana wangu, kule msituni ninakotoa magogo hakuna fundi wa faiba. Mwenye weldi yupo kila senta." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo swali la kwanza si chuma au faiba. Ni hili: boneti yako inafungukia wapi, na inabeba nini inapofunguka?

Kuna tofauti nyingine hapo ambayo ni ya usalama moja kwa moja. Boneti inayolazwa mbele, bawaba zake zikiwa karibu na bampa, husukumwa na upepo ijifunge unapokimbia. Ile inayofunguka kama mdomo wa mamba, bawaba zikiwa karibu na kioo, upepo huingia chini yake ukaiinua, na komeo likiachia inapiga kioo cha dereva. Mercedes na Bedford za zamani ni za namna hii. Ukitengenezewa mfuniko mpya wa aina hii, wa chuma au wa faiba, usikubali lori litoke gerejini bila komeo la pili, lile linaloushika mfuniko la kwanza likifyatuka. Mafundi wengi wa mitaani hulisahau kwa sababu boneti hufunga vizuri bila hilo.

Kuvunjika na kurekebishwa

Chuma kikigongwa hujikunja. Kinanyooshwa kwa nyundo, au kinakatwa na kuchomelewa, na kutoka Salgaa hadi Webuye hutakosa wa kukufanyia hivyo. Nawaonya tu watu wa malori yenye kompyuta: toa waya za betri kabla fundi hajagusa weldi, maana umeme wa weldi umeua vifaa vya bei kubwa kuliko boneti tatu.

Faiba ikigongwa hupasuka. Pigo dogo huipita bila alama, na hapo inakishinda chuma, lakini likizidi inatoka kipande. Kuirekebisha si kazi ngumu, ila haivumilii haraka. Ufa unasagwa upande wa ndani uwe kama mfereji, ncha yake inatobolewa kwa drili ndogo ili usiendelee kutembea, kisha mkeka wa nyuzi za kioo unatandikwa tabaka kwa tabaka na resini, ukipita mbali na ufa pande zote. Hadena, dawa ya kuigandisha resini, huwekwa kidogo, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Fundi akiimimina kwa kukadiria, kwenye joto la Kisumu inaganda ikiwa bado kwenye kopo, na hata ikiwahi kupakwa huwa kavu mno, inapasuka tena. Kwenye baridi ya Molo huchelewa, na wasio na subira huongeza hadena zaidi, wakapata ubaya ule ule. Kama resini yako inauzwa pamoja na chupa ya kuongeza kasi, hiyo chupa na hadena visichanganywe moja kwa moja hata tone, kwa sababu hulipuka.

Ukiona fundi anapaka puti (ile dawa nzito ya kujazia) juu ya ufa upande wa nje tu, chukua boneti yako uende. Ufa utarudi kabla ya rangi kukauka vizuri.

Kwa upande wa kutu, faiba inashinda bila ubishi. Lori linalobeba miwa hurukiwa na maji yake, lile la mbolea hujaa vumbi la chumvi, na kando ya ziwa unyevu hauishi. Chuma huanza kuoza pale shiti mbili zinapokutana, mahali brashi haifiki. Ukichagua chuma, mwambie fundi aache matundu ya kutoa maji kwenye kingo za chini, na apake praima ya zinki ndani baada ya kuchomelea, si nje tu pale unapoiona.

Kwa joto, chuma ndicho chenye nafuu. Resini hulegea ikipikwa kila siku, na tabo ya Scania (tabochaja, inayosukuma hewa kwenye injini) iko karibu. Ule mkeka unaong'aa kama fedha uliobandikwa chini ya boneti ya zamani si pambo. Uhamishe, au ununue mwingine.

Mtumba, mpya ya kuagiza, au ya jua kali

Mtumba kutoka kwa lori lililovunjwa ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu moja tu: matundu ya bawaba na makomeo yametobolewa kiwandani. Lakini uinunue ukiwa umepiga magoti. Igeuze, angalia upande wa chini kuzunguka bawaba. Kama ni ya faiba, mwambie mwenzako amulike tochi upande wa pili, wewe tazama: nyufa zinaonekana kama utando wa buibui wenye mwanga. Gonga kwa sarafu. Palipo na sauti butu pana tabaka zilizoachana. Kama ni ya chuma, pitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa. Pasiposhika ni puti tupu. Na uhakikishe ni ya umri wa lori lako. Boneti ya T113 haikai kwenye T124 hata kama muuzaji ataapa.

Mpya halisi ya kampuni inakuja sawa, lakini kwa malori haya ya zamani ni shida kuipata. Scania yenyewe iliacha kutengeneza malori ya pua ya T mwaka 2005. Ukiagiza, peleka namba nzima ya chesisi, herufi na tarakimu zote 17, si jina la modeli pekee.

Zile za kuagiza zisizo za kampuni hutofautiana mno. Nilizoziona zilikuwa na uso mzuri, lakini vyuma vilivyofichwa ndani ya faiba vya kushikia boliti vilikuwa vimekaa nje ya mstari. Uliza kabla ya kulipa: inakuja na vyuma hivyo au bila? Inakuja na raba, vishikio vya taa na bawaba? Bei inayoonekana ya chini mara nyingi ni ya ganda tupu.

Kuhusu mafundi wa jua kali, wa hapa Nakuru na wa Kisumu, nina imani nao kwa chuma kuliko watu wengi wanavyodhani. Mfuniko kama wa Mercedes ya mzee wanautoa kwa siku chache, ukakaa kama ulizaliwa nao. Kwa boneti nzima ya kulazwa mbele nawaambia hivi: geji 18 na si zaidi, mikunjo ya kutia nguvu badala ya chuma cha pembe, na bawaba mpya zenye kipande kinene cha kushikia. Kwa faiba, muulize fundi akuonyeshe kalibu. Anayetandika faiba juu ya boneti yako iliyopinda atakuzalia nyingine iliyopinda.

Na wenye malori ya Kimarekani, jihadharini: baadhi ya boneti zao si faiba kabisa. Ni plastiki ngumu ya kumiminwa, inaitwa Metton, na haivunjiki kirahisi. Lakini resini ya kawaida ya polyester haiishiki vizuri. Kiraka hubanduka kama ngozi. Ipige msasa kidogo mahali pasipoonekana. Ikitoa vumbi jeupe la kuwasha na nyuzi zikaonekana ni faiba. Ikitoa makapi laini bila nyuzi, tafuta gundi ya epoksi ya plastiki hiyo, au mtumba.

Kuifunga

Hapa ndipo boneti nzuri huharibiwa, na hapa ndipo niliamua kutotoka gerejini hata kwenda kunywa chai.

Lori liwe mahali tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi, betri imetolewa waya hasi. Kabla ya kufungua chochote piga picha, kisha upime mwanya kati ya boneti ya zamani na kabini pande zote mbili, juu na chini. Chora kwa chaki mahali bawaba zilipokaa kwenye chesisi. Waya za taa zifungwe karatasi yenye alama. Kamba ya usalama na shoki za gesi hutolewa mwisho, boneti ikiwa tayari imeshikwa na watu au imening'inizwa kwa cheni bloki. Nimeona shoki ikitolewa mapema, boneti ikaanguka yote kwenye mabega ya kijana mmoja.

Mpya ijaribiwe kabla ya rangi. Wengi hupaka rangi kwanza ili ing'ae, halafu wanatoboa, wanasaga, wanakwaruza, wanapaka tena. Sisi tuliiweka ya faiba ikiwa bado kijivu, boliti zimelegea, tukaifunga polepole. Upande wa kulia mwanya ulikuwa wa kidole, wa kushoto haukupitisha karatasi. Fundi hakuisukuma kwa goti. Aliteleza bawaba ya kushoto kwenye matundu yake marefu, akatia washa (pete ya chuma ya boliti) moja nyembamba chini, tukafunga tena, tukapima tena. Mara tano hivi. Mwanya lazima uwepo kwa sababu kabini hucheza juu ya springi zake na injini hutikisika ikivuta. Boneti inayokaa imebanana gerejini itasaga rangi ya kabini barabarani.

Kwenye faiba, kila boliti iwe na washa pana na bamba la chuma upande wa ndani, na raba katikati. Toboa kwa drili ndogo kwanza, juu ya utepe wa karatasi ili uso usichanike, ukitoka nje kwenda ndani. Usikaze kwa nguvu za gurudumu. Faiba ikilia umeshachelewa.

Vitu viwili husahaulika sana. Cha kwanza ni njia ya hewa ya injini. Kwenye malori mengi boneti ina mdomo unaokutana na bomba la filta kwa raba. Raba isipokaa sawasawa, injini inavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye rejeta, au maji ya mvua, na dereva ataanza kulalamika kwamba lori limepoteza nguvu bila mtu kufikiria boneti. Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa raba, funga, fungua: alama ya grisi iwe duara zima. Cha pili ni magurudumu. Usipime madigadi lori likiwa tupu na usukani umenyooka. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, na ukiweza lipakie kwanza, kwa maana springi zikishuka ndipo tairi hutafuta madigadi.

Taa huwa zimehama hata kama huoni, kwa hiyo zielekezwe upya ukutani jioni hiyo hiyo. Wanaokuja mbele yako Sachangwan usiku hawana kosa lolote. Rangi iwe ile iliyoandikwa kwenye logibuku, ili usiwe na maelezo ya kutoa siku ya ukaguzi.

Yangu ilitoka gerejini Alhamisi. Nilimwambia dereva asimame Salgaa akienda, afungue, apitishe kidole chini ya kila bawaba na kwenye tangi la juu la rejeta. Alinipigia akasema boliti moja ya komeo la kulia imelegea nusu mzunguko, ameikaza, na kati ya boneti na rejeta ngumi yake inapita.